Bibi Asipoitika

Baba alinituma kijijini Usevya kumleta mama yake mjini kwa sababu chuo kilikuwa kimefungwa na, kwa maneno yake, nilikuwa nakula tu. Ilikuwa miaka ya tisini, nami niliamini hakuna mtu nisiyeweza kumshawishi. Bibi alikuwa ameteleza kisimani wakati wa masika, mguu mmoja ukabaki mzito. Kwetu mjini, Nsemulwa, baba alishapaka chokaa chumba chake. Kitanda kilikuwa tayari, na redio.

Nilimkuta shambani, juu ya dungu, lile jukwaa la miti ambalo watu hukaa kufukuza ndege mpunga unapokomaa. Majirani walikuwa wamelishusha la kwake mpaka usawa wa kiuno changu, wakaweka ngazi pana. Mkononi alishika kamba iliyofungwa makopo matupu hadi mwisho wa shamba.

"Mume wangu umefika," alisema, maana wajukuu wa kiume wote tulikuwa waume zake. "Mbona umekonda? Huko chuoni mnakula vitabu?"

Nikahutubia. Nilieleza lishe bora, ukaribu wa hospitali, haki ya mzee kupumzika. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavuta kamba, makopo yakalia, ndege wakaruka. Kisha akanuna. Kesho yake alfajiri alikuwa bado amenuna.

Pale Usevya kufukuza ndege ilikuwa kazi ya wazee, nayo ilikuwa na utaratibu wake. Wa kwanza kupanda dungu humwita wa shamba linalofuata. Huyo akishaitika naye humwita wa mbele yake, mpaka sauti inazunguka bonde zima. Asiyeitika hufuatwa. Mimi nilidhani ni kelele za kutisha ndege.

Basi asubuhi ile bibi akaitwa, akanyamaza. Akaitwa tena. Nilikuwa chini ya dungu natafuna kiazi cha jana, sikuona tatizo. Mara mpunga ukaanza kutikisika. Alitokea bibi jirani, kombeo shingoni, halafu babu mmoja na fimbo yake akihema, halafu mama aliyebeba sufuria ya uji kwa kuwa hakujua aiache wapi.

"Uko hai?" bibi jirani aliuliza.

"Niko hai. Nimenuna."

"Nuna jua likishatoka. Unanikimbiza na umri huu?"

"Kumbe bado unaweza kukimbia."

Babu akaketi kwenye ngazi, akaomba uji. Nikaulizwa nimemfanya nini mke wangu. Nikaeleza habari za Nsemulwa, chumba, kitanda, redio.

"Na huko asubuhi nani atamwita?" aliuliza mama wa uji.

Nikafikiri. Baba hutoka mapema kwenda kazini, mama yuko sokoni, wadogo zangu shule. Redio, labda.

Nikarudi mikono mitupu. Baba hakuridhika na maelezo yangu, tukarudi Usevya pamoja. Alfajiri alimsindikiza mama yake shambani, na wito ulipofika akaitika yeye, kwa sauti ya ofisini.

Wito ukakatikia hapo. Kisha bibi jirani akauliza kutoka kwenye dungu lake, "Huyo mwanaume ni nani?"

"Mtoto wangu. Kaja kunichukua."

"Mwambie achukue na ndege."

Kicheko kikapita shamba hadi shamba. Baba alicheka wa mwisho, akajifuta macho muda mrefu kuliko kicheko chenyewe kilivyostahili. Aliondoka bila mama yake. Redio aliituma baadaye, na bibi akaitundika kwenye dungu iwatishe ndege.

Alivuna mpunga misimu mingi baada ya hapo, na mpaka leo nawashukuru wale waliomkimbilia na uji wao. Sasa magoti yangu yenyewe yanalalamika nikiinuka. Naishi mjini, nyumba ina geti, na kila asubuhi nakohoa kwa nguvu kuliko kifua kinavyohitaji. Upande wa pili wa ukuta mzee jirani naye hukohoa. Tukishasikiana hivyo, kila mmoja anaendelea na chai yake.