Kona ya Kokoto

Wiki jana nilipanda milima ya Mbooni kwenda kumchukua baba mdogo, nikakuta lami imefika karibu na kwake. Watu wanashangilia. Mimi nilisimamisha pikipiki kwenye kona yetu ya zamani nikaona uchungu, kama mtu aliyenyang'anywa kitu. Lami laini hivi, hata mwoga anapita.

Enzi zetu, rafiki yangu, mwoga alishuka akatembea. Kila baada ya mvua, akina mama wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, walibeba kokoto kwa karai kutoka korongoni na kuzimwaga pale konani huku wakiimba. Nia yao ilikuwa njema, barabara isikatike. Lakini hakuna aliyezishindilia, zikawa zinateleza kama maharagwe makavu sakafuni. Mama yangu alikuwa miongoni mwa waliozimwaga.

Baba alipofariki alituachia pikipiki kubwa, nzito, ya kupeleka maparachichi sokoni. Ndiyo iliyotulisha. Matanga hayajaisha, baba mdogo akaja kuichukua. Akasema mbele ya wazee, "Hii si mashini ya mwanamke. Akiishukisha na mzigo kwa ile kona asianguke, akae nayo." Wazee wakakubali, wakimtazama mama kwa huruma. Huruma ile inaniudhi mpaka leo.

Mama alikuwa amefundishwa na baba kuiendesha, ila kona hiyo baba hakuwahi kumwachia. Siku yenyewe mzigo wake ulikuwa gunia la maparachichi, na mimi, mtoto bado, juu ya gunia. Kijiji kizima kilijipanga kandokando. Nakumbuka harufu ya petroli, na leso yake niliyoing'ang'ania.

Alipunguza mwendo mapema, kabla kona haijaanza, akaweka gia ndogo. Mle ndani hakugusa breki kabisa. Pikipiki ilianza kuyumba chini yetu, naye hakupigana nayo. Alilegeza mikono, akaiacha iyumbe huku mafuta yakienda polepole, sawasawa. Mimi nilikuwa nimekodolea macho kokoto na bonde. Sijui alijuaje, maana hakugeuka.

"Usiangalie kokoto," akasema. "Angalia kwenye tunaenda."

Nikainua macho. Tukatokea ng'ambo, akina mama wa mwethya wakapiga vigelegele hadi ng'ombe wakashtuka. Mama hakusimama kupongezwa. Alienda sokoni, akauza, akarudi na mkate, akaipandisha kona ile ile. Baba mdogo alikuwa ameshajiendea zake.

Sasa mama hayupo. Nyimbo za mwethya hazisikiki tena, na kokoto zao zimelala chini ya lami. Pikipiki ninayo. Kanisani wananiambia mwanamke wa umri wangu anunue gari. Waendelee kuniambia.

Baba mdogo amezeeka, miguu imemkataa, na kliniki iko mbali. Alipoona nimekuja na mashini ile ile aliitazama juu hadi chini, kisha akakubali kupakiwa. Kutoka langoni kwake hadi kwenye lami bado ni mteremko wa kokoto tupu, na kona moja mbaya. Tulipoikaribia alinishika kiuno kwa mikono miwili, akaanza kuniomba nisimame, ashuke.

Nikaweka gia ndogo.

"Baba mdogo," nikamwambia, "usiangalie kokoto."