Akeyo na Gololi Zisizo na Tundu

Wavuvi wa Naivasha wakitaka chubwi za kuzamishia nyavu huja Mai Mahiu, kwenye kibanda cha mabati kilicho nyuma ya gereji ya Kabiru, fundi wa magurudumu ya malori. Mwenye kibanda ni mjane anayeitwa Akeyo. Marehemu baba yake aliyeyusha vyuma katika karakana ya reli mjini Nakuru, na kwake alijifunza kusimama upepo ukimpiga mgongoni, ili moshi wa sufuria uende mbele na usimwingie puani.

Kazi yake ni kuyeyusha madini ya risasi na kuyamimina kwenye kalibu. Yale laini huyapata kwenye mabomba ya maji ya zamani, nyumba za kale zinapobomolewa. Yale magumu huokotewa na Kabiru: ni vile vizito vidogo vinavyobanwa kwenye rimu ili gurudumu lisitikisike barabarani. Kabla ya kumimina huweka waya katikati ya kalibu, na chubwi ikipoa huuchomoa. Hapo pamebaki tundu la kupitishia kamba.

Ana sifa moja ambayo majirani huiita ugonjwa: anauliza. Dereva akisimama kujaza upepo, Akeyo atataka kujua amebeba nini, kwa nini viazi vya Molo vinafunikwa na vitunguu havifunikwi, na kwa nini lori likishuka mteremko linanuka hivyo. Kabiru humtania kwamba siku akifa atamhoji mchimba kaburi. Mimi naiheshimu tabia hiyo. Mtu anayeuliza kazi yake inakwenda wapi hawezi kutumiwa ovyo, isipokuwa siku ile atakayoacha kuuliza. Akeyo alikuwa na siku kama hiyo.

Mwaka jana, kabla ya mvua, alikuja mwanamume aitwaye Kipyegon, mlinzi kwenye shamba moja kubwa upande wa Longonot. Alikuwa mpole, mwenye koti safi. Alitoa mfukoni kalibu ya chuma yenye umbo la koleo, ambayo ikifungwa huacha nafasi ya mviringo ndani, kama gololi kubwa.

"Mathe, nitengenezee za kujaza mkebe," alisema. "Lakini usiweke waya. Sitaki tundu."

"Bila tundu utaifungaje kwa wavu?"

"Si ya samaki. Ni ya mashine ya kusaga rangi huko kazini. Zinazunguka ndani ya pipa, zinaponda rangi."

"Na hii risasi haitachafua rangi?"

Kipyegon alicheka. "Mathe, unataka kazi ama unataka kuwa polisi?"

Kabiru naye alicheka, huku ameinama juu ya tairi. Akeyo akaona haya kidogo, akawasha moto. Siku hiyo hapakuwa na mteja mwingine. Alitumia risasi laini ya mabomba kwa sababu hujaza kalibu vizuri bila makunyanzi, na gololi zilitoka nzuri hata akapenda kuzitazama. Lile swali la rangi halikujibiwa, na alijua halikujibiwa. Aliliacha lipite. Nimesikia watu wakisema hilo ni jambo dogo. Si dogo.

Kipyegon alirudi wiki iliyofuata, asubuhi. Safari hii koti lilikuwa limechanwa na miiba na hakutaka kuketi.

"Zile zilikuwa laini," alisema. "Nataka ngumu. Nasikia vizito vya rimu ni vigumu."

Akeyo alikuwa anakoroga sufuria. Alinyanyua kijiko.

"Rangi ni kitu laini, Kipyegon. Gololi ilishindwaje na rangi?"

"Zilibonyea tu."

"Zilibonyezwa na nini?"

Kipyegon alitoa tena ile kalibu, akamsogezea. Akeyo aliichukua, akaifungua, akaifunga. Kisha akaiinua mbele ya jicho kama mtu anayechungulia ndani ya bomba.

"Hii ni saizi ya mdomo wa kitu gani?"

Nyundo ya Kabiru ilinyamaza. Kipyegon alitazama barabarani, akarudisha macho kwenye moto, akaongea kwa sauti ya chini. Mwajiri wake alimpa bunduki ya marisau ya kufukuzia nyani na ndege. Ndani ya risasi zake mna chembe ndogo ndogo, na chembe hizo haziwezi kumwangusha mnyama mkubwa. Baba yake zamani alimwonyesha kwamba gololi moja nzito katika bunduki hiyo inaweza kuangusha nyati, mtu akimsogelea karibu. Na nyama ya nyati, ikishakatwa vipande, nani ataitofautisha na ya ng'ombe kwenye hoteli za Salgaa?

"Kwa hivyo ulimpiga," Akeyo alisema.

"Bega. Juzi jioni. Nilikuwa karibu kabisa, mathe. Nilisikia gololi ikigonga mfupa. Akatikisika, akageuka, akaingia kwa leleshwa."

"Leleshwa gani?"

"Ile ya korongoni, chini ya mlima."

Akeyo aliweka kijiko chini. Kila mwanamke wa upande ule hukata kuni kwenye kichaka hicho cha leleshwa, na mkaza mwana wake Nanyama alikuwa ameondoka na kamba mapema, akaenda huko huko. Alitoa simu mfukoni, akapiga. Simu ya Nanyama ikalia ndani ya nyumba, hatua chache kutoka kibandani, ilikoachwa ichaji.

"Ndiyo maana nakuambia fanya haraka," Kipyegon alisema. "Nipe gololi ngumu, niende nimmalize. Nikimwacha ataua mtu. Ukienda kwa askari wa wanyamapori tutafungwa wote, mimi na wewe. Hizo gololi ni za mkono wako."

Naomba msomaji apime maneno hayo, maana yana ladha ya ukweli. Nyati aliyejeruhiwa hujificha na kumngoja anayepita. Gololi ngumu zingeweza kutoka kwenye sufuria muda si mrefu. Uwindaji umepigwa marufuku nchini mwetu tangu wengi wetu tukiwa watoto, na kosa hilo lingezikwa pamoja na mifupa. Lakini ni dawa gani hiyo, ya kuongeza kosa lile lile liwe gumu zaidi?

Akeyo hakutoa hotuba. Aliuliza tu.

"Mara ya kwanza ulishindwa kumwangusha akiwa mzima, amesimama. Leo ana uchungu na amejificha. Utamwona wewe kwanza, ama yeye?"

Kipyegon aligusa koti lake pale lilipochanika.

"Na ukianguka wewe huko, nani atajua nyati yuko kichaka kipi?"

"Mathe, niko na watoto."

"Nanyama pia ako nao." Alichukua waya, akauweka ndani ya kalibu ya chubwi mbele yake, ili aone. "Hapa sitoi tena kitu kisicho na tundu. Mimi naenda kwa askari, na nitawaambia nani alizitengeneza. Lakini mimi sijui mahali. Wewe unajua. Twende."

"Na nikikataa?"

"Kabiru amesikia," alisema Akeyo. "Na Kabiru hana siri hata ya mke wake."

"Ni ukweli," Kabiru alisema, akaenda kuwasha pikapu yake.

Kwenye kituo cha askari wa wanyamapori walimkuta Chelangat, mwanamke mrefu wa sauti tulivu. Akeyo alieleza kila kitu akiwa amesimama, kuanzia mkebe wa kwanza. Chelangat hakuandika lolote wakati huo. Alimtazama Kipyegon.

"Ni bega la kushoto ama kulia?"

"Kushoto, madam."

"Panda gari. Utatuonyesha. Kuhusu hayo mengine tutaongea baadaye."

Walipofika kwenye njia ya korongo, Nanyama alikuwa anateremka na mzigo wa kuni mgongoni. Alishangaa kuwaona askari, bunduki na mama mkwe wake.

"Mama, ni nini? Mmekuja kunikamata kwa kuni?"

"Umeona kitu huko juu?"

"Ni ng'ombe tu. Kuna ng'ombe wa mtu amelala ndani ya leleshwa, anapumua vibaya. Nilimwona mgongo. Nilitaka kumwendea nione alama ya mwenyewe, lakini nilikuwa nimeshafunga mzigo, nikaona nitarudi na kamba nyingine."

Akeyo alishika mti uliokuwa karibu. Kwa mara ya kwanza tangu Kabiru amfahamu, hakuuliza kitu.

Akeyo na Nanyama walibaki chini, na askari wakapanda na Kipyegon mbele yao. Mlio wa kwanza ulisikika, kisha wa pili, kisha korongo likanyamaza. Chelangat aliporudi alikuwa na kitu kwenye kiganja chake, kimefutwa kwa majani. Ilikuwa gololi, ila haikuwa mviringo tena. Ilikuwa imelala bapa kwenye mfupa wa bega, bila kuuvunja, na nyama ilikuwa imeanza kuoza kuizunguka.

"Unaijua hii, mama?"

Akeyo aliomba aishike. Aliigeuza mpaka akaona ukingoni ule mstari mwembamba ambao kalibu huacha pande zake mbili zinapokutana.

"Naijua," alisema. "Ni yangu."

Kesi ilisikizwa Naivasha. Kabiru alimshauri aseme hakujua chochote, kwa kuwa hiyo ndiyo njia ya kutoka na haikuwa mbali na ukweli. Hakimu alipomuuliza kama alijua gololi zile zilikuwa za kuwindia, Akeyo alijibu, "Sikujua, mheshimiwa. Lakini kulikuwa na swali, na nililiacha kwa sababu nilitaka kazi." Kipyegon alifungwa. Akeyo alipewa adhabu ya kazi ya kufagia zahanati, na aliifanya mpaka ikaisha, na wavuvi walimngoja.

Siku ya hukumu, wengine wakitoka, alibaki mbele ya meza ya karani ilipowekwa ile kalibu ya Kipyegon, imefungwa kwa kamba na karatasi yenye namba. Aliuliza itapelekwa wapi, na kama itayeyushwa, na nani atakayeiyeyusha.

Karani alisema katika miaka yake yote hapo hakuna mshtakiwa aliyewahi kumuuliza kitu kama hicho.

"Kwa nini hawaulizi?" Akeyo alisema, akavuta kiti.