Sauti ya Ng'ambo ya Daraja

Madereva walimwita Bi Ndoo, na jina hilo lilimganda kwa sababu ya lori moja la ndoo. Alikuwa karani wa forodha upande huu wa daraja la mpakani. Huku, ndoo za plastiki ziliandikwa "vyombo vya nyumbani". Kule ng'ambo, "bidhaa za plastiki". Karatasi hazikupatana, lori likakwama. Dereva akafua nguo na kuzianika kwenye milango ya lori, mpaka wenzake wakamuuliza amepanga chumba hapo kwa shilingi ngapi.

Ndipo Bi Ndoo alipompigia simu karani wa ng'ambo.

"Kaka, hizi ni ndoo tu. Za kuchotea maji."

"Najua ni ndoo, dada. Shida ni kwamba kwenye orodha yangu hakuna ndoo."

Wakacheka, wakatafuta neno la kuwafaa wote wawili, lori likapita.

Tangu hapo simu ya mezani haikukaa kimya. Leo vitambaa, kesho vipuri vya baiskeli, na kabla ya mizigo waliulizana hali kwanza. Bi Ndoo alipofiwa na mumewe, kaka yule alipiga kila asubuhi, akiulizia magunia ambayo wote wawili walijua yalishapita. Hawakuwahi kuonana. Daraja lenyewe ni fupi, hata kwa miguu mtu hulivuka upesi, lakini kila mmoja alibanwa na meza yake, na kuonana kukawa jambo la kesho.

Kisha wakubwa wa pande zote mbili wakakubaliana kwamba mizigo iandikwe kwa namna moja: majina yaleyale, namba zilezile, iingizwe kwenye kompyuta mara moja na ionekane huku na huko. Kazi ya kulinganisha majina wakapewa wao wawili. Miezi mingi walikuwa kwenye simu, wakibishania kama kandambili ni kiatu. Bi Ndoo alikuwa na raha ambayo hakuwa nayo tangu msiba. Hakufikiria kwamba kila neno walilokubaliana liliondoa sababu moja ya kupigiana simu.

Mfumo ukawashwa. Malori yakapita, nyanya zikafika sokoni zikiwa bado ngumu, na madereva wakasema siku hizi mpakani mtu hapati hata nafasi ya kupiga miayo. Bi Ndoo alijua ni kazi njema. Ila simu ilinyamaza. Wakati mwingine aliinyanyua asikie kama bado ni nzima.

"Unatoka kazini mapema, wifi yangu, shukuru," dada wa marehemu mumewe alimwambia.

Alishukuru. Alirudi nyumbani jua likiwa bado juu, akafagia uwanja uliokwisha kufagiliwa, akapika chakula cha mtu mmoja, akafungua redio ili nyumba iwe na mtu anayesema.

Asubuhi moja akapiga.

"Kuna mzigo umekwama?" kaka akauliza.

"Hapana. Nilitaka kukujulia hali tu."

"Hata mimi jana niliishika simu nikairudisha. Nilijiuliza, nitamwambia nini?"

Wakapanga kuonana Jumamosi. Bi Ndoo alipiga pasi gauni lake la buluu, akavuka daraja. Akamkuta mzee mwembamba mwenye mkongojo; sauti ile nene ilikuwa ikitoka kwenye kifua chembamba hivyo. Wakaketi kwenye benchi nje ya ofisi yake, wakanywa chai.

"Nimehamishwa, dada," akasema. "Kituo cha mbali, bara huko. Makarani hatuhitajiki wengi tena hapa."

"Mbona hukuniambia kwenye simu?"

"Ningekuambiaje? Kazi tumeimaliza wenyewe."

Bi Ndoo akamalizia chai yake. Walipoagana, mzee aliushika mkono wake kwa muda, kisha akaingia ndani. Yeye akarudi kwa miguu, malori yakimpita bila kupunguza mwendo.

Mwanzoni mzee alituma ujumbe mara kwa mara, baadaye mara mojamoja. Kazi ya mezani pake ng'ambo akaongezewa karani wa meza ya jirani, mwanamke kijana. Bi Ndoo alimpigia siku moja kujitambulisha. Mwanamke yule alimsikiliza kwa adabu, kisha akauliza kama mfumo una hitilafu.

"Hapana, mdogo wangu," Bi Ndoo akasema. "Mfumo uko sawa kabisa."

Akaaga, akarudisha simu mahali pake.