Mizinga ya Dionisia Aliyoitundika Shemeji

Kijiji kizima cha Kiegei kilijua kwamba mizinga ile ya nyuki ilitoka mikononi mwa Dionisia. Marehemu mumewe, Eustakio, ndiye aliyemfundisha kuziunga mbao za mninga, kuzipiga randa nje tu na kuziacha na ukwaru ndani, maana nyuki hapendi ukuta laini. Kabla ya kufunika, Dionisia alisugua nta mpaka mbao ikanukia. Watu wa Ruangwa walimwita fundi. Ila mti hakupanda. Kwao mwanamke hapandi mti wa nyuki, na aliyetundika mzinga ndiye mwenye mzinga. Eustakio alipokuwa hai, jambo hilo halikumsumbua mtu.

Alipokufa, Dionisia alimwomba shemeji yake, Modest, amtundikie. Modest akapanda, akakaza waya, akaupaka grisi kuzuia siafu. Msimu ulipofika akarina asali yote, hata sega la kulamba hakumpelekea.

Dionisia akamshtaki kwa wazee wa kitongoji. Walimsikiliza kwa upole, kisha wakauliza jambo moja tu: nani alipanda?

"Shemeji," Modest akasema, "aliyechonga kitanda naye adai kukilalia?"

Wazee wakacheka. Kicheko kile kilimuuma kuliko hukumu yenyewe. Hata hivyo hakuchoka. Kila walipokutana, kanisani au kisimani, alimdai mizinga yake mbele za watu, mpaka Modest akaona haya.

Mwaka huu, mikorosho ilipokwisha kupuliziwa dawa, Modest aliwaita wazee akairudisha mizinga yote kwa mkono wake. Akatamka wazi kwamba ni ya Dionisia, na kwamba atamtundikia bila kudai chochote. Wazee wakamsifu. Dionisia naye akamshukuru, machozi yakimlengalenga.

Nyumbani akafunua mzinga wa kwanza. Harufu ya salfa ikampanda puani. Baada ya kurina, Modest alikuwa ameiteremsha mizinga na kuifanya ghala la dawa ya mikorosho, na unga wa njano ulikuwa umeingia kwenye ule ukwaru alioutunza mwenyewe.

Akakwangua. Akaanika juani, akafukiza majani, akamaliza nta aliyoiacha Eustakio. Modest akaitundika mizinga kama alivyoahidi. Nyuki wakaja, wakazunguka mlangoni, wakaenda zao. Msimu ukapita hivyo.

Alipotaka kurudi kwa wazee, jirani yake Goreti alimzuia.

"Mama, utawaambia nini tena? Umedai mizinga, umepewa. Watasema huridhiki."

Dionisia akaenda kwa Modest. Alimwomba aiteremshe mizinga, naye akaiteremsha kwa heshima zote. Dionisia akang'oa misumari mmoja mmoja, akainyoosha kwa nyundo juu ya jiwe, akaitia koponi, ingawa hakuwa na cha kujenga. Mbao akazipeleka jikoni.

Moto ulipoziramba, moshi wenye salfa ukamkaba koo. Akatoka nje akikohoa. Chakula alichokuwa akikipika kikaungua.