Namba ya Baba Ndani ya Maji ya Buluu

Jamani, aibu hii nimeibeba tangu nikivaa kaptula ya shule, na mkicheka chekeni tu, maana Musonoi nzima, mji wetu wa wachimba shaba, ilishanicheka zamani, Wabelgiji wakiwa bado wanatutawala.

Mwaka ule tulipata mwalimu mpya wa sayansi, Frère Anselme, mtawa mzungu kijana, akafuta ubao siku ya kwanza akasema hatutanakili tena, kila mtu atashika kitu kwa mikono yake, atazame, kisha aseme alichokiona. Lo! Sisi tuliozoea kukariri kama kasuku (kanuni nilizijua zote, maana yake sikujua hata moja) tulipagawa kwa furaha. Hata hesabu tulizifanyia uwanjani, kwa kamba na kivuli cha mlingoti. Lakini mkuu wa shule alinuna, akasema hiyo ni michezo, wazazi waje Jumapili baada ya misa wajionee, na wasiporidhika tunarudi kwenye kunakili.

Zamu ya kuonyesha ikaniangukia mimi. Kazi yenyewe rahisi: unatumbukiza msumari katika maji ya mrututu, ile chumvi ya buluu yenye shaba ndani yake, dakika kumi tu, nao unatoka mwekundu, umevaa shaba. Sasa mimi na kichwa changu nikaona msumari ni kitu duni mno mbele ya watu wanaochimba shaba kila siku. Asubuhi ya Jumapili ile nikaiona jetoni ya baba, kile kisahani cha zinki chenye namba yake, ambacho bila hicho huingii langoni mwa mgodi, inaning'inia kwenye koti lake la kazi. Nikajisemea, ikigeuka shaba, mzee atatembea kifua mbele! Nikaichukua, nikapita shuleni, nikaitumbukiza kabla ya misa (kama dakika kumi ni nzuri, misa nzima si itakuwa nzuri zaidi?), kisha nikaenda kuimba kwa sauti kuliko siku zote. Na padri siku hiyo alihubiri, akahubiri.

Basi wazazi wamejaa darasani, baba yuko mbele na tai ya kuazima, mimi nazamisha koleo kwa madaha, nainua juu, na kinachotoka ni matope. Matope meusi yanadondoka mezani, na katikati yake kipande chembamba cha zinki kilicholiwa na maji yale pembeni kama biskuti iliyopitiwa na panya.

Baba alikitambua kwa tundu lake la kamba.

“Kazadi, ile si jetoni yangu? Namba iko wapi?”

Nami, kwa kuwa tulifundishwa kusema tulichokiona, nikajibu kwa sauti safi: “Iko mu maji, tata.”

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, mkuu akasema, “Mumeona?” na Frère Anselme akawa mwekundu kuliko msumari wowote.

“Kesho utakuya na mi,” baba alisema. “Weye njo utaeleza bale ba ku mulango.”

Jumatatu asubuhi nikasimama langoni mwa mgodi, niwaeleze watu wa mlangoni kama baba alivyoagiza, chupa yangu ya maji ya buluu mkononi na msumari mfukoni, zamu nzima imepanga foleni nyuma yetu, na karani wa lango akamuuliza baba kama amelewa. Nikaeleza, hakuna aliyeniamini. Basi baba, kwa hasira, akaniomba msumari, akautia mwenyewe, akangoja. Ulipotoka mwekundu foleni ilipiga kelele! Watu waliochimba shaba miaka na miaka, wakagombania kuushika, karani naye akatia ufunguo wake, na kila mmoja akauliza, “Inafanya je vile?” Nikaeleza mara nne kwa furaha, mpaka king'ora kikalia.

Baba alipewa jetoni mpya, na jina la “Tata Mu Maji”, yaani Baba Majini, ambalo hakulipoteza tena. Jioni aliongoza wenzake kwa mkuu wa shule. “Mukubwa,” alisema, “batoto bafundishwe vile vile. Ila misumari tutaleta siye.”

Leo mimi ni mwalimu wa sayansi, na sijawahi tena kutumbukiza kitu kisicho changu. Kila somo la mrututu naanza kwa kukagua mifuko ya wanafunzi.