Siku Niliyompelekea Nafula Maua Kaburini

Mkisikia watu wa mtaa wetu wa Rhonda wakiniita Mama Maua, msidhani nimefungua duka la maua. Mimi nina saluni, tena ya viti vitatu, na hilo jina nilipewa kwa alasiri moja tu ya Jumamosi, na mpaka leo nikiitwa hivyo masikio yananichoma. Nimekataa kueleza kwa muda mrefu. Lakini naona kila mtu anaeleza kivyake na kuongeza chumvi (eti nilicheza ngoma ya mugithi juu ya kaburi, sikucheza, nilitikisa bega tu), kwa hivyo afadhali aibu yangu niitoe mimi mwenyewe.

Nafula ni mdogo wangu, kitinda mimba kwetu. Alikuwa chuo cha uuguzi, amebakisha muhula mmoja ahitimu, mama akapata kiharusi. Mimi wakati huo nilikuwa nimeolewa Keringet, nina mtoto mchanga mgongoni na shamba la viazi mbele, na ndugu zetu wanaume ni wale wa "tutaangalia." Nafula akafunga begi akarudi nyumbani. Akamlisha mama uji kwa kijiko, akamfundisha kutembea tena, leo mpaka mlangoni, kesho mpaka kwa bomba, na mama akapona kabisa, isipokuwa masikio, ambayo yalikuwa na mambo yao tangu zamani. Chuo kikaenda mbele bila Nafula.

Sasa mimi nilikuwa tayari nimemnunulia maua ya kuhitimu, yale ya karatasi za kumetameta ambayo mtu huvishwa shingoni watu wakimwimbia na kumsindikiza mpaka kwa hema la chakula. Yalikuwa ya dhahabu na nyekundu. Niliyafunga kwa nailoni nikayaweka chini ya sanduku, na kila nikitafuta leso nayaona. Miaka sita. Mtoto aliyemwinua mama yetu hajawahi kuvishwa hata ua moja, na mimi ndiye mkubwa, na wakati anamwinua mimi nilikuwa Keringet nachimba viazi. Hiyo kitu ilikuwa inaniuma, sitadanganya.

Basi Nafula akaingia mambo ya kuigiza. Kuna kikundi hapa Nakuru kilitunga mchezo mzima kwa kutumia nyimbo za zamani, zile zilizopendwa, walizochezea wazazi wetu. Hakuna wimbo mpya hata mmoja. Hadithi ndiyo mpya, ya msichana anayetoka kwao kufuata muziki, na kila akifika mahali pa kulia au kucheka anaimba wimbo ambao wewe uliyekaa hapo chini tayari unaujua. Watu walikuwa wakijaa ukumbi, na waliyemjia ni mwimbaji anaitwa Bella, ambaye uso wake ulikuwa kwa kila nguzo ya stima kutoka mjini mpaka Kaptembwo. Nafula alikuwa mwigizaji wa akiba. Ni kama mpira: anajua kila kitu, amevaa jezi, amekaa benchi. Miezi mitatu alikaa nyuma ya pazia akiimba kwa midomo bila sauti, akingoja Bella apate hata mafua.

Bella akapata mafua.

Nafula alinipigia Ijumaa jioni, sauti iko chini. "Neke, kesho mchana ni mimi," akasema. "Dairekta amesema nikifanya poa Jumamosi zote zitakuwa zangu. Nikiharibu, nakaa benchi mpaka mchezo uende Kisumu, na huko wanatafuta mtu mwingine."

"Hautaharibu," nikamwambia. Nilisema hivyo kwa moyo wote, na sikujua kwamba wa kuharibu nilikuwa mimi.

Kosa langu ni moja tu, na lilikuwa dogo. Asubuhi ile nikitafuta leso niliyaona yale maua, nikayatia kwa mkoba. Nikajiambia, mchezo ukiisha nitamvisha, na hakuna mtu atakufa kwa hilo.

Tulienda watatu: mimi, mama, na Mama Shiro, rafiki yangu anayeuza mboga mkabala na saluni, ambaye sauti yake ya kigelegele inajulikana kwa harusi zote za mtaa. Tulikaa safu ya tatu. Ukumbi ulikuwa umejaa. Kijana akatoka mbele ya pazia na kipaza sauti, akasema Bella hajisikii vizuri, na leo nafasi yake itachukuliwa na Nafula.

Jamani, watu waliguna. Si mguno wa mtu mmoja, ukumbi mzima uliguna, ule mguno wa stima ikipotea katikati ya mechi. Mwanamke nyuma yangu akasema, "Si tulikuja kuona yule wa poster?" Bwana mmoja mwenye kofia, aliyekaa mbele yangu, akainuka kabisa akaanza kumvuta bibi yake mkono waende.

Nikamshika koti. Simjui, lakini nilimshika koti.

"Boss, kaa chini," nikamwambia. "Huyo ni sista yangu. Ngoja wimbo wa pili. Kama hatakuwa sawa, kuja kwa saluni yangu Rhonda nisuke madam wako bure."

Akanitazama, akamtazama bibi yake, ambaye naona alikuwa anahitaji kusukwa, akakaa. Kufikia hapo safu tano nzima zilijua mimi ni nani kwa Nafula.

Wimbo wa kwanza alitetemeka. Nilimwona, mkono ulikuwa unatafuta pa kushika kwenye rinda, na watu walikuwa wamekunja mikono wakingoja wamhukumu. Wimbo wa pili akasahau kuogopa. Alifungua ile sauti ya kwetu, ile ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, na mzee fulani kule nyuma akaitikia kiitikio bila kuombwa, wa pili akaitikia, na kufikia katikati ukumbi wote ulikuwa unaimba, na yule bwana wa kofia alikuwa amesimama anacheza na bibi yake kwenye kijia. Aligeuka akanipa mkono. "Mathe, uko na sista," akasema. (Mathe, yaani mama. Tunaweza kuwa rika moja, lakini siku ile nilimsamehe.)

Nilikuwa nimelewa furaha, na mtu mlevi hapaswi kuamua jambo. Ikaimbwa mingine mingi, mama anapiga makofi nje ya mdundo, mpaka kukafika wimbo mmoja mrefu wa kuagana pale stesheni, na Nafula alipoumaliza taa zote zikazimwa, giza totoro, na makofi yakaanza na hayakukoma.

Mama Shiro akaninong'oneza, "Imeisha?"

"Imeisha," nikasema. "Toa sauti."

Mimi sijasomea michezo ya kuigiza. Kwetu watu wakipiga makofi hivyo na taa zikipotea, shughuli imeisha, na jamaa za mtu ndio wanaopaswa kufika kwanza. Nikatoa maua kwa mkoba. Mama Shiro akapiga kigelegele ambacho nina hakika kilisikika mpaka mji wa Molo. Tukaanza kale kawimbo ka kusindikiza wahitimu, tukaingia kwenye kijia gizani, na bwana wa kofia akawa anatufungulia njia, "Pisheni, ni sista yake, pisheni," na mnajua Mkenya hawezi kuona watu wanasindikiza mtu asiungane nao. Kufikia kwa ngazi tulikuwa kama watu kumi na tano, wengine sijui walitoka safu gani, tunaimba, tunatikisa mabega. Sandali yangu moja ikabaki kwa ngazi ya kwanza. Sikusimama.

Taa zikawaka.

Mbele yetu kulikuwa na kaburi. Udongo wa magunia, msalaba wa mbao, na Nafula amepiga magoti kando yake, kitambaa cheusi kichwani, ametuinulia uso. Na sisi tumesimama hapo, maua ya dhahabu juu, bega langu bado linatikisika lenyewe.

Wimbo ulikatika mdomo mmoja baada ya mwingine. Wale wageni kumi na wawili wakarudi kinyumenyume kwa ngazi kwa adabu, na bwana wa kofia akavua kofia. Mama Shiro akajificha nyuma ya mti wa kitambaa ambao ulimfika kifuani. Nikabaki mimi, na sandali moja, na mkoba. Kule pembeni ya pazia nilimwona dairekta, kijana mwembamba wa skafu, ameshika kichwa kwa mikono miwili. Watu wa chini walikuwa wameanza kucheka, kile kicheko kinachoanza polepole, na nikajua kwamba nikicheka au nikikimbia, Nafula amerudi benchi, na safari hii nitakuwa nimemrudisha mimi.

Nafula akayaangalia yale maua. Halafu akasema, kwa sauti iliyofika nyuma kabisa, "Dada. Umefika."

Nikasema, "Nimefika."

"Na maua umeleta." Akanyoosha mikono, akayachukua. "Lakini umechelewa, dada. Mama tulimzika asubuhi."

Kicheko kilizimika. Akayaweka yale maua juu ya msalaba, polepole, akiyanyoosha karatasi moja moja, na mwanamke wa safu ya mbele akatoa leso. Mimi nilipiga magoti kando yake nikaanza kulia, na wallahi sikuwa naigiza. Umechelewa, dada. Alikuwa akisema na dada wa kwenye hadithi au na mimi wa Keringet, sijui, lakini lilinipata.

Ukumbi ulikuwa kimya hivi kwamba nilisikia kiti kikilia safu ya tatu. Mama yangu alikuwa anasimama.

"Nani amezikwa?" akauliza. (Mtu asiyesikia vizuri huwa hajui yeye mwenyewe anasikika kiasi gani.) Kuna mtu pembeni yake akamwelezea kwa sikio, nafikiri alitaka kusaidia.

"Mimi?" mama akasema. "Nafula, mimi niko hapa. Nekesa, nani amewaambia nimezikwa?"

Sijawahi kusikia watu wakicheka hivyo. Walicheka na machozi yakiwa bado mashavuni, wakashikana, mpiga gita akaweka gita chini. Nikainamisha uso kwa yale magunia nikaomba kaburi liwe la kweli, nilale. Nafula mabega yalikuwa yanatetemeka, na kwa kuwa uso aliuficha kwa kitambaa sikujua kama analia au anacheka, na mpaka leo hajaniambia.

Kisha akainuka. Akavua kile kitambaa cheusi, akaja mbele kabisa ya jukwaa, akamtazama mama, akaanza wimbo wa mwisho kabla wakati wake haujafika, bila gita, bila chochote. Ulikuwa ni ule wimbo mama aliokuwa akiuimba akifua, sisi tukiwa watoto, na akiwa mgonjwa Nafula ndiye alikuwa akimwimbia yeye, kwa sikio, mpaka mdomo wake ukajifunza tena. Mama aliusikia huo. Aliuitikia kwa sauti yake iliyopinda kidogo upande mmoja. Nafula akangoja mama amalize mstari wake, akaendelea na unaofuata, na walipofika kwa kiitikio ukumbi mzima ukasimama ukaingia nao. Hakuna aliyekuwa anacheka tena. Mimi niliimba nikiwa magotini, na pazia liliponifunikia ndani ndipo nikakumbuka sandali.

Dairekta alinipata nyuma. "Madam," akasema, akipumua kama mtu aliyepanda mlima wa Menengai, "wewe ni nani kwa hii mchezo yangu?"

"Ni sista yangu," Nafula akasema.

"Ukimleta tena, nitamfunga kwa kiti." Akaenda hatua mbili, akarudi. "Hiyo laini ya umechelewa. Uliitoa wapi?"

"Sijui. Ilikuja."

"Iweke," akasema. "Tutatafuta mtu wa kuleta maua. Mtu mwingine." Akanikazia macho. "Na wewe Nafula, Jumamosi ijayo ukuje saa nne, tupime hizo nguo za Bella vizuri. Zinakubana."

Nilitoka nje nikasimama karibu na muuza soseji za smoki, nikingoja kugombezwa, maana ile kazi haikuwa imeharibika, lakini si kwa sababu yangu. Nafula akaja na yale maua mkononi. Yalikuwa yamepondeka, nyekundu imebanduka upande.

"Haya ni ya lini?" akauliza.

"Ya chuo."

Akayageuza mkononi. "Miaka hiyo yote umekaa nayo?"

"Yamekaa kwa sanduku. Sikujua pa kuyapeleka."

Akayatazama, akanipa. Kisha akainamisha shingo, pale pale kati ya magari, watu wakipita. "Haya, fanya ile kitu yako," akasema. "Lakini polepole. Na Mama Shiro asipige hiyo kitu kwa sikio yangu."

Nikamvisha. Mama akamshika shavu akamwambia, "Umehitimu," na Nafula, ambaye hakulia jukwaani, sasa akalia.

Siku hizi naenda karibu kila Jumamosi mchana. Nakaa safu ya mwisho, mkoba namwachia Mama Shiro, na taa zikizimwa sitikisiki hata nikiona watu wanaondoka na viti vyao. Nimeapa. Yule kijana bado hutoka mbele ya pazia akasema leo Bella hayupo, na watu bado huguna, na bado kuna mmoja au wawili wanaosimama kuchukua makoti yao. Kitambo ningewashika. Sasa nakalia mikono yangu, nanyamaza, na kungoja wimbo wa pili.