Pampu Isiyo na Ufa

Ngo, ngo, ngo: ndivyo spana ya fundi wa kiwanja cha ndege cha Bukoba ilivyogonga kila nati kabla ya kuifungua. Alikuwa akitafuna punje za kahawa huku akizipanga nati juu ya jani la mgomba, kila moja kwa zamu yake, na kila aliyemharakisha aliambiwa kwa Kihaya, "Mpola, mpola," yaani polepole. Siku hiyo mharakishaji nilikuwa mimi, mwalimu kutoka Muleba, nimevaa suti ya kuazima na kukumbatia ngonjera ya beti arobaini ya kuwasomea wakubwa Mwanza. Niliamini Ujamaa ungekwama kama nisingefika. Agizo kutoka makao makuu lilitaka pampu zote za mafuta za aina iliyokuwa kwenye ndege yetu zibadilishwe, nzima na mbovu, kwa kuwa moja ilizimika angani na ndege ikaangukia ziwani. Alipoichomoa yetu, niliipokea nikaigeuzageuza kama mtaalamu.

"Ndugu fundi, hii haina hata ufa! Unanichelewesha bure."

Akanipa punje mbili za kahawa nitafune. Akafuta mikono, kidole kwa kidole, kisha akaifuta tena.

"Hata ile ya ziwani, mwalimu," akasema kwa sauti ya chini sana, "niliikagua mimi. Sikuona ufa."